Vidonge viwili vya jina moja: foliki asidi na kisukari cha mimba

Kina mama watarajiwa, kina baba mliowasindikiza, na wakunga wenzangu mliokaa nyuma kabisa mkidhani sitawaona, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu vidonge vya foliki asidi. Nilipopewa mada nilisema kimoyomoyo kwamba hii ni kazi nyepesi, maana maneno haya nimeyasema kliniki miaka mingi, naweza kuyasema hata usingizini. Ila siku hizi swali limebadilika. Zamani mama aliniuliza, "Sista, hivi vidonge vinasaidia nini?" Sasa ananiuliza simu ikiwa mkononi: "Sista, nimesoma kwamba foliki inaleta kisukari cha mimba. Niache?" Huyo ana nafuu, kwa sababu ameuliza. Wengine wameacha kimyakimya, na nikiwauliza wananijibu "nakunywa" huku macho yako dirishani.

Nianze na jibu, ili hata atakayepitiwa na usingizi awe ameshalichukua. Usiache. Maikrogramu 400 kwa siku ndicho kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na tafiti za kisukari nitakazozitaja hazijakiondoa hapo.

Hata hivyo, naomba tusimcheke aliyeuliza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili la foliki na sukari lipo, ila halipo vile linavyosimuliwa. Linahusu kipimo, linahusu wakati, na linahusu vitamini nyingine ambayo karibu hatuitaji kabisa kliniki. Nitafika huko.

Kwanza tazameni mkono wangu. Nimeshika vidonge viwili. Vyote vidogo, vyote vya manjano, vyote kwenye paketi vimeandikwa foliki asidi. Paketi ya kwanza ina namba 400, na pembeni herufi mcg. Ya pili ina namba 5, na pembeni mg. Nani ataniambia kipi kina nguvu zaidi?

Nimesikia "mia nne". Ahsante kwa ujasiri, na hauko peke yako. Nimewahi kumpokea mama aliyekiacha cha 400 akahamia kwenye cha 5 kwa sababu alikuwa anaogopa kuzidisha. Alifanya hesabu ambayo kila mtu angeifanya: tano ni ndogo kuliko mia nne. Sasa sikilizeni hizo herufi. Mcg ni maikrogramu, mg ni miligramu, na miligramu moja ina maikrogramu 1,000 ndani yake. Kwa hiyo hiki cha 5 ni maikrogramu 5,000. Ukikimeza kimoja, umemeza sawa na vile vya 400 kumi na viwili na nusu, kwa mkupuo mmoja, kila siku.

Na mimi nina la kuungama. Nilipoanza kazi, mama akiniuliza kama kuna tofauti, nilikuwa namjibu: "Ni vitamini tu, ikizidi mwili unaitoa kwenye mkojo." Nililisema hilo kwa uhakika mkubwa, kama wanavyosema vijana. Ni kweli nusu. Folati ni vitamini ya kundi B, inayeyuka kwenye maji, na sehemu ya ziada hutoka. Lakini foliki asidi ya kidonge si folati ya kwenye jani la mboga. Ni umbo lililotengenezwa kiwandani, mwili lazima uligeuze kwanza ndipo ulitumie, na uwezo wa kuligeuza una kikomo. Ukiumeza mzigo mkubwa, sehemu yake huzunguka kwenye damu ikiwa haijageuzwa. Ndiyo maana kwa mtu mzima asiye na sababu maalumu ya kitabibu, mpaka wa juu uliowekwa kwa foliki asidi ya vidonge na ya vyakula vilivyoongezewa ni maikrogramu 1,000 kwa siku.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo kwa nini kidonge cha 5 kipo? Kipo kwa sababu kuna wanawake wanaokihitaji hasa, na hadithi yake ni nzuri, niruhusuni niisimulie.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, kuchunguza kwa nini wajawazito waliokuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa damu vibaya, wengine hadi kufa. Alitafuta vijidudu, hakuviona. Akatazama walichokula. Mwishowe aligundua kwamba dondoo ya hamira, kitu cha bei ndogo cha kupaka kwenye mkate, iliwainua wagonjwa wale. Ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua jina. Mwaka 1941 wanasayansi huko Texas, Marekani, walichakata tani nne za mchicha wa kizungu, nimesema tani nne, wakapata chembe kidogo ya kitu hicho, wakakiita foliki kutokana na neno la Kilatini la jani. Kwa hiyo kwa asili yake hii ni dawa ya damu ya mjamzito. Hilo la kumkinga mtoto asizaliwe na kasoro ya mgongo lilikuja baadaye sana.

Lilikuja kwa uthibitisho mwaka 1991. Utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza ukafanyika kwenye vituo 33 katika nchi 7, ukiwahusisha wanawake ambao tayari walikuwa wamewahi kubeba mimba yenye kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Waligawanywa kwa kura: baadhi wapewe foliki asidi ya miligramu 4 kwa siku kuanzia kabla ya kushika mimba, wengine wasipewe. Kasoro zilijirudia kwenye mimba 27. Kati ya hizo, 21 zilikuwa za wanawake ambao hawakupewa foliki, na 6 tu za waliopewa. Upungufu wa asilimia 72. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine.

Angalieni: miligramu 4, kwa wanawake waliokuwa kwenye hatari kubwa. Ukoo wa kidonge cha 5 unaanzia hapo. Kwa wanawake wengine wote, utafiti mkubwa wa China uliotangazwa mwaka 1999, uliohusisha karibu wanawake robo milioni, ulionyesha kwamba maikrogramu 400 peke yake zilipunguza sana kasoro hizo. Mia nne. Hiki kidogo.

Ngojeni niwaonyeshe kinachotokea tumboni, maana bila kukiona hamtaelewa kwa nini nakazania wakati. Wiki ya tatu baada ya mimba kutunga, mtoto ni bapa kama kijani kidogo. Katikati yake panatokea mfereji. Kingo za mfereji huo zinanyanyuka, zinainamiana, zinagusana, kama mtu anayeviringisha mkeka. Zinaanza kushikana katikati, kisha ushikano unakwenda juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni. Tundu la juu hufunga siku ya 25 hivi, la chini siku ya 28 hivi. Basi, kazi imekwisha. Ule mrija uliofungika ndio ubongo na uti wa mgongo. La juu lisipofunga, ubongo na fuvu havijengeki, na mtoto huyo haishi. La chini lisipofunga, anazaliwa na mgongo wazi.

Hesabu sasa. Siku ya 28 tangu mimba kutunga, hedhi imechelewa wiki mbili tu. Wapo wanawake wangapi hapa ambao hedhi ikichelewa wiki mbili wanasema ni uchovu? Naona vichwa vinatikisika. Wengi wetu tunafika kliniki mwezi wa tatu au wa nne, tunapewa vidonge, tunavimeza kwa bidii, wakati ule mrija ulishafunga au ulishashindwa kufunga zamani. Foliki ya mwezi wa nne bado ina kazi, kazi ile ya Bombay, ya kujenga damu pamoja na madini ya chuma. Lakini kwa mgongo wa mtoto imechelewa. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba aanze angalau mwezi mmoja kabla, ikiwezekana miezi mitatu, na aendelee hadi wiki ya 12 bila kuruka.

Huo ni mwezi wa kwanza. Kisukari cha mimba ni habari ya mwezi wa sita, na kwa watu wengi hapo ndipo mambo mawili yanapochanganywa yakawa moja.

Kondo la nyuma ni kiungo cha ajabu. Linapokua, linamwaga homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mzito kuisikia insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Lengo si kumdhuru mama. Lengo ni kuiacha sukari ikae kidogo zaidi kwenye damu ili mtoto apate chakula chake. Kongosho la mama linajibu kwa kuongeza insulini maradufu na zaidi, na kwa mama wengi mambo yanakwenda sawa. Kwa wengine kongosho linafika mwisho wa nguvu zake. Sukari inapanda, inavuka kwenye kondo na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mtoto analazimika kutengeneza yake, nyingi, na insulini nyingi inamnenepesha. Anakuja mkubwa, anakwama mabega wakati wa kuzaliwa, na akikatwa kitovu, sukari yake inaporomoka ghafla kwa sababu chakula kimekatika na insulini bado ni nyingi.

Mama huyo mara nyingi hasikii chochote. Hana kiu ya ajabu, haoni kizunguzungu. Ndiyo maana kuna kipimo kile mnachokilalamikia, cha wiki ya 24 hadi ya 28. Unakuja hujala tangu usiku, unatolewa damu, unapewa kikombe cha maji yenye gramu 75 za glukosi, matamu hadi yanakera meno, unaketi pale kwenye benchi ukijizuia usitapike, unatolewa damu baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Mipaka inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2013 ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, na 8.5 baada ya saa mbili, kwa milimoli kwa lita. Ukigusa mpaka mmoja tu kati ya hiyo, una kisukari cha mimba. Namba hizo hazikuokotwa: zinatokana na utafiti uliotangazwa mwaka 2008, uliowapima wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ukaonyesha kwamba kadiri sukari inavyopanda ndivyo matatizo yanavyopanda, hatua kwa hatua.

Anayekipata zaidi ni nani? Mwenye uzito mkubwa, mwenye ndugu wa damu wenye kisukari, mwenye umri uliosogea, aliyewahi kukipata mimba iliyopita, aliyewahi kujifungua mtoto mkubwa sana. Hayo yanajulikana na hayabishaniwi. Foliki haimo kwenye orodha hiyo ya wazee. Inabisha hodi tu, na sasa tutazame kama inastahili kufunguliwa.

Mwaka 2019 zilitoka taarifa mbili, na zote mbili zilichapishwa katika jarida moja la kisukari. Ya kwanza ilitoka Wuhan, China. Wajawazito zaidi ya 4,000 walifuatiliwa, na waliokuwa wakimeza maikrogramu 800 au zaidi kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi katikati ya mimba, uwezekano wao wa kupata kisukari cha mimba ulikuwa kama mara mbili ukilinganisha na wasiotumia. Hii ndiyo iliyotembea kwenye simu, na ilipokuwa ikitembea, zile "800 au zaidi" na ule "hadi katikati ya mimba" vilidondoka njiani. Likabaki neno foliki na neno kisukari.

Ya pili haikutembea, kwa sababu habari njema haina miguu. Hiyo ilitokana na wauguzi wa Marekani wanaofuatiliwa tangu mwaka 1989. Zaidi ya 14,000 kati yao waliingizwa kwenye hesabu. Waliokuwa na mazoea ya kumeza foliki ya kutosha kabla ya kushika mimba walipata kisukari cha mimba kidogo kuliko wenzao. Kidogo, jamani.

Mwaka mmoja, jarida moja, majibu mawili yanayotazamana kwa ukali. Mtu akikuambia sayansi imesema, muulize ipi.

Kwa nini zinapishana? Mimi naona sababu tatu, na ya tatu ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuongea leo.

Sababu ya kwanza ni kwamba tafiti zote mbili ni za kutazama tu. Hakuna aliyepewa kidonge kwa kura, kila mwanamke alijichagulia au alichaguliwa na daktari wake. Na daktari humpa kipimo kikubwa nani? Yule aliyepoteza mimba, mwenye uzito mkubwa, mwenye kisukari kwenye ukoo, aliyehangaika miaka kupata mtoto. Yaani walewale ambao kisukari cha mimba kilikuwa kinawanyemelea tangu mwanzo. Nyumba ikiungua, utakuta watu wengi wenye ndoo za maji wamesimama hapo. Usiseme ndoo zimeleta moto. Watafiti hujitahidi kulisafisha hilo kwa hesabu, nawapa heshima yao, lakini halisafishiki lote. Wala hatuwezi leo kugawa wajawazito mafungu mawili na kulinyima moja foliki kabisa ili tuone, baada ya yale ya 1991 hakuna mwenye dhamiri atakayeliruhusu.

Sababu ya pili ni wakati, na hapo sina haja ya kurefusha: wale wauguzi walipimwa kwa walichomeza kabla ya mimba, na wale wa Wuhan waliendelea na kipimo kikubwa miezi na miezi ndani ya mimba.

Sababu ya tatu inaitwa vitamini B12.

Folati na B12 ni chanda na pete. Ndani ya seli folati hubeba kipande kidogo sana cha kaboni na kukikabidhi, na B12 ndiyo inayokipokea. B12 isipokuwepo, folati inabaki imeshika mzigo wake mlangoni, haina wa kumpa. B12 ina kazi nyingine pia ambayo folati haiwezi kuifanya, ya kusaidia kuunguza aina fulani za mafuta na protini. Ikipungua, taka fulani ya kemikali hujaa, na wapo wanasayansi wanaodhani taka hiyo huziba njia ya mwili kuchoma mafuta, mafuta yakabaki, na mwili ukazidi kuwa mzito kuisikia insulini. Hilo la mwisho bado ni dhana, nalisema kama dhana. Ila tazameni yaliyoonekana kwa watu.

Huko Mysore, India, mwaka 2009, watafiti waliripoti kwamba wajawazito wenye upungufu wa B12 walipata kisukari cha mimba zaidi. Na ndani ya kundi hilo lenye upungufu, waliokuwa na folati nyingi zaidi kwenye damu ndio walioongoza. Mwaka mmoja kabla yake, huko Pune, India hiyohiyo, watoto wa umri wa miaka 6 walipimwa. Ambao miili yao ilikuwa mizito zaidi kuisikia insulini walikuwa watoto wa mama waliokuwa na folati ya juu na B12 ya chini wakati wa ujauzito. Mwaka 2021 Uingereza nayo ikaleta yake, wajawazito zaidi ya 4,700: B12 ya juu iliendana na kisukari kidogo, folati ya juu iliendana na sukari ya juu zaidi. Hizi nazo ni za kutazama, ndoo na moto nilivyosema vinahusika hapa pia. Lakini zinapoelekeza kidole upande mmoja kutoka nchi tofauti, mkunga mwenye akili anainua shingo.

Mimi ninavyosoma yote haya, foliki ya 400 haina kesi. Mwenye kesi ni foliki nyingi kupita haja, kwa muda mrefu kupita haja, kwa mwili wenye njaa ya B12. Na sisi wa kliniki ndio tumezoea kugawa foliki kwa mkono wa kulia bila kuuliza kuhusu B12 kwa mkono wa kushoto. Hilo nawaambia nyie wa nyuma.

B12 inapatikana kwenye vyakula vya wanyama: nyama, maini, samaki, mayai, maziwa. Mboga haina. Mwenye kula mboga tupu kwa imani au kwa kukosa, aseme kliniki. Aliyekatwa sehemu ya mfuko wa chakula tumboni, aseme. Anayemeza metformini, iwe kwa kisukari au kwa matatizo ya ovari, aseme pia, kwa sababu metformini ikitumiwa muda mrefu hupunguza B12. Na kuna hatari nyingine ya zamani ambayo wanafunzi wote wa uuguzi huikariri: foliki nyingi inaweza kuirekebisha damu ya mtu mwenye upungufu wa B12, kipimo cha damu kikaonekana kizuri, huku neva zake zinaendelea kuharibika chinichini. Mtu anaanza kufa ganzi miguuni na karatasi yake inasema damu iko sawa.

Nani basi ni wa kidonge cha 5? Aliyewahi kupata mtoto au mimba yenye mgongo wazi, au yeye mwenyewe au mwenzake amezaliwa nao. Anayetumia baadhi ya dawa za kifafa. Katika miongozo mingi, mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Na, sikilizeni hapa, mwenye kisukari cha kawaida aliyekuwa nacho kabla ya mimba. Naam, mwenye kisukari ndiye anayeandikiwa foliki nyingi, kwa sababu sukari ya juu katika wiki zile za mkeka kuviringishwa huongeza hatari ya mrija kutofunga. Sasa fikirieni mama huyo akikutana na ujumbe wa simu unaosema foliki inaleta kisukari. Ataacha dawa ambayo mtoto wake anaihitaji kuliko watoto wengine wengi. Hapo ndipo uvumi unapoua, na ndiyo maana nimekasirika kidogo, mnisamehe sauti.

Ukiandikiwa cha 5, uliza maswali mawili: ni kwa sababu gani, na ni hadi lini. Miongozo kama ya Uingereza hukikomesha wiki ya 12, isipokuwa kwa wachache, kama wenye selimundu, wanaokihitaji kwa ajili ya damu. Kuendelea nacho hadi kujifungua kwa sababu tu paketi haijaisha si tiba. Kulikuwa na tumaini kwamba kipimo kikubwa kikiendelea kingezuia ile presha ya mimba inayotangulia kifafa cha mimba, likajaribiwa kwa kura katika nchi kadhaa kwa miligramu 4, na mwaka 2018 jibu likatoka: hakikuzuia.

Kuna namna nyingine ya kuzidisha ambayo haina daktari ndani yake. Mama mmoja alinimwagia mezani vitu vyake vya mwezi: vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, ambavyo ndani vina madini ya chuma na foliki 400, chupa ya vitamini za wajawazito aliyonunuliwa na mumewe, foliki 800, na paketi ya cha 5 aliyopewa na dada yake aliyejifungua akabakisha. Hajakosea popote, kila mmoja alimpenda. Haba na haba hujaza kibaba: tulipojumlisha tulifika maikrogramu 6,200 kwa siku. Tulibakisha kimoja. Naye hakuwa na sababu hata moja kati ya zile nilizozitaja.

Na kwa aliyewahi kupata kisukari cha mimba: kijacho kwako si kuogopa foliki. Rudi upimwe sukari wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na baada ya hapo kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maana hatari yako ya kupata kisukari cha kudumu ni kama mara 7 hadi 10 ya mwanamke ambaye hakukipata. Ukitaka mimba nyingine pima tena kabla, ili mrija wa mtoto ajaye usijifunge ndani ya sukari ambayo hukujua unayo. Wengi hawarudi. Mtoto analia, mgongo unauma, nani ana muda wa kwenda kunywa kile kikombe tena? Kina baba, hapo ndipo mnapoingia. Shika mtoto, mama aende.

Nimeona mkono. Ndiyo, mama... Anauliza: yeye ana miezi mitano na hakuwahi kumeza hata kimoja mwezi wa kwanza, je, amemharibu mtoto? Hapana. Wengi mno wa waliokosa vidonge hivyo huzaa watoto wenye migongo mizima, kasoro hii si ya kila mtu, tunachofanya ni kuipunguza. Wewe anza leo na kile cha kliniki chenye chuma na 400, kwa ajili ya damu yako, na uombe picha ya ultrasaundi ya kumtazama mtoto mgongo, inaonekana vizuri kwa miezi hiyo. Na wiki zako zimekaribia za kipimo cha sukari, usikikimbie.

Kwenye mwaliko niliomba kila mmoja aje na paketi zake zote, hata za kupewa na jirani. Haya, zitoeni mezani. Tafuteni mg na mcg, kalamu hizo hapo. Tunaanza na mama wa mfuko wa bluu, maana naona ana chupa tatu na mumewe ameshaanza kutazama dirishani.